Soksi za Mwalimu

Inspekta aliketi kwenye benchi la wageni karibu na lango la hifadhi, akavua viatu vyake vya kupandia milima, akavua soksi, akazikunja na kuzitia mfukoni. Kisha akavivaa viatu tena, miguu mitupu ndani yake, na kukaza kamba.

Meneja wa hifadhi alikuwa amesimama pembeni na kikombe chake cha chai. Alimtazama kama mtu anayemtazama mgeni akila ndizi na maganda yake.

"Afande, njia ile ni ya mawe na mizizi," alisema. "Bila soksi utaumia."

"Hilo ndilo ninalotaka kulijua. Nitaumia kiasi gani, na wapi."

Meneja alicheka kidogo, kisha akaona kwamba anacheka peke yake. Akasema kama ni kuuona mwamba tu, kuna boti. Atampeleka kwa njia ya maji hadi chini yake, kivulini, bila jasho, kama alivyowapeleka wale askari waliokuja mara ya kwanza. Inspekta akamshukuru, akachukua fimbo moja kutoka kwenye pipa la fimbo za wageni, akampa kisogo.

Alikuwa mama wa makamo, mwili umemjaa, na magoti yake yalikwisha kuanza kumsema kila apandapo ngazi. Kituoni wote walilijua hilo. Asubuhi hiyo mkuu wa kituo alikuwa amemwekea ripoti mezani na kalamu juu yake. Mwalimu alianguka mwenyewe kutoka kwenye mwamba uitwao Kipara, ripoti ilisema, baada ya kiongozi wake wa njia kumtelekeza huko juu. Kilichobaki ni sahihi ya mpelelezi, na kesho yake kiongozi apandishwe mahakamani kwa kusababisha kifo kwa uzembe. Likizo imefika, mkuu alisema, hifadhi inataka wageni, na wakubwa wanauliza mambo haya yataisha lini. Inspekta aliomba siku hiyo moja tu akapande kule mwenyewe. Mkuu akamtazama kuanzia kichwani hadi magotini.

"Utapanda Kipara, wewe?"

Kama angemkatalia tu, pengine Inspekta angenung'unika na kutia sahihi shingo upande. Lakini mkuu alicheka. Mwanamke huyu alikuwa ameshinda kesi nyingi kwa sababu tu kuna mtu alimcheka.

Kesi yenyewe iliiva kabla ya kupikwa. Mwalimu wa sekondari, mwanamume mpole asiye na mke, alikuja peke yake kutembea msituni na kupumzisha kichwa baada ya mitihani. Langoni alipewa kiongozi ambaye kila mtu alimwita Redio, kwa sababu akishika njia haufungi mdomo; atakutajia ndege, miti, mizaha ya wageni wa mwaka juzi, mpaka utamani betri ziishe. Jioni mwalimu hakurudi. Asubuhi yake mwili ulikutwa ukielea chini ya Kipara, maji mapafuni, jeraha juu ya sikio. Meneja aliwaonyesha askari kamba ya kujishikilia iliyokatika kule juu ya mwamba. Askari waliipiga picha kutoka botini, wakarudi mjini kula.

Redio alikuwa na maneno yake, na tangu siku hiyo hajayabadilisha hata silabi moja. Alisema walipofika njia panda, kabla ya kuanza kupanda, mwalimu alilalamika miguu imechoka, akasema anataka kushuka ufukweni akaone boti. Njia ya ufukweni ni pana na imenyooka. Akamwacha ashuke, yeye akaenda kuangalia daraja lililokuwa limelegea.

"Nilimwacha, afande," alimwambia Inspekta kupitia nondo za mahabusu. "Sheria yetu ni kutomwacha mgeni, nami nilimwacha. Hilo nitalibeba. Lakini sikumwacha Kipara, na sitasema nilimwacha Kipara."

Walimshauri akubali tu, mahakama itamwonea huruma, atatoka mapema alee wanawe. Aligeukia ukuta.

Na wala Inspekta asingemwamini, maana watuhumiwa wote hung'ang'ania maneno yao, wa kweli na wa uongo. Kilichomkosesha usingizi ni dada wa marehemu. Mama huyo alikuja kituoni kuvitambua vitu vya mdogo wake: saa, pochi, simu iliyokunywa maji, na soksi za kijivu zilizokunjwa moja ndani ya nyingine, zilizotolewa katika mfuko wa suruali wenye kifungo. Saa aliitazama akaiweka. Soksi alizishika muda mrefu.

"Ndugu yangu huyu alivaa soksi hata na kandambili," alisema. "Alikuwa akiona haya vidole vyake tangu utotoni. Tulimtania mpaka mama akatukataza. Nani kamvua soksi ndugu yangu?"

Daktari alipoulizwa kwa simu alithibitisha. Maiti ilivaa viatu vizito vya milimani juu ya miguu mitupu, na miguu yenyewe ilikuwa laini, haina lengelenge, haina mchubuko. Mkuu wa kituo aliposikia hayo alisema watu wa mjini wana mambo yao. Inspekta aliyaandika maneno ya daktari. Alikwisha kuamua kwamba suala la watu wa mjini na mambo yao linaweza kujibiwa na mtu wa mjini, kwa miguu yake.

Njia ya buluu ilianza vizuri kama ahadi za mwanasiasa. Ilikuwa tambarare, imezungushiwa magogo, na ziwa lilimeremeta upande wa kushoto kati ya miti. Familia moja ilikuwa imetandika mkeka kando, baba akipuliza mkaa usiotaka kushika, mama akimwambia kwamba alimwambia. Inspekta aliwasalimu akapita. Alama za buluu zilikuwa zimepakwa kwenye vigogo, na kila penye kona kulikuwa na kibao cha kuwataka wageni wasitupe taka, na chini ya kila kibao kulikuwa na chupa.

Alifika njia panda akiwa bado anapumua kama binadamu. Akasimama. Kulia, alama za buluu zilipanda kati ya mawe. Kushoto, njia iliteremka kuelekea ufukweni, pana kiasi cha gari kupita, na kutoka pale aliweza kuona gati, boti za mpira zilizofungwa, na nguzo yenye bendera ya kijani. Mtoto asingepotea hapo. Hapa Redio hakudanganya, au kama alidanganya, alichagua mahali pazuri pa kudanganyia.

Akapanda. Baada ya daraja la mbao mambo yaligeuka. Mizizi ilikuwa imefanya ngazi za kila kimo isipokuwa kimo cha mguu wa mtu, na kila alipoinua mguu, kisigino kilisugua ngozi ya kiatu. Kwanza palikuwa na joto. Kisha pakawa na moto. Kisha pakaanza kuteleza, naye alijua maana yake ni nini, kwa sababu jasho haliumi namna ile. Magoti nayo yakaingilia mjadala. Alimtukana mkuu wake kwa sauti, kwa heshima zote za cheo chake, akaona inasaidia, akaendelea kumtukana hadi juu.

Kipara kilistahili jina lake: mwamba mtupu, mpana, bila hata jani, na mwisho wake ziwa. Kwenye ukingo kulikuwa na vyuma vilivyosimikwa na kamba iliyopitishwa kati yake. Katikati, kamba ilikuwa imekatika. Kwa siku kadhaa Inspekta mwenyewe aliiamini kamba hiyo. Alikuwa amepanga kuishtaki hifadhi kwa kutunza kamba mbovu, na kuona kwamba hapo angalau atakuwa ametenda haki kidogo. Sasa alipiga magoti, polepole, akaitazama kwa karibu. Ncha iliyokatika ilikuwa imefumuka na kugeuka kijivu, na juu yake nyigu walikuwa wamejenga kiota kikavu, wakakaa, wakalea, wakahama. Nyigu hawafanyi yote hayo kwa siku chache. Kamba ile ilikatika zamani, na kila mfanyakazi wa hifadhi aliyepanda hapa alijua.

"Mlinipa kamba ya uongo," alisema peke yake, akaipiga picha, kutoka huku juu safari hii.

Akaketi akavua viatu. Visigino vyote viwili vilikuwa vimepasuka malengelenge na ngozi imejikunja. Kidole gumba cha kulia kilikuwa chekundu, na ndani ya kiatu damu ilikuwa imeanza kukauka. Aliipiga picha miguu yake kutoka kila upande. Maishani mwake hakuwahi kudhani atafanya hivyo, na kwa mara ya kwanza alielewa haya ya mwalimu.

Basi mwalimu hakupanda Kipara miguu mitupu ndani ya viatu. Kama alipanda, alipanda na soksi. Je, alizivua hapa juu? Inspekta alijipa shaka hiyo mwenyewe, maana alijua mwingine atampa. Mtu anaweza kuketi akapunga miguu upepo. Lakini basi angefunga viatu vyake mwenyewe baadaye, kama afungavyo kila mtu. Alifungua mkoba na kutoa kifuko cha plastiki. Ndani yake kulikuwa na kamba za viatu vya mwalimu. Hospitalini walizikata kwa mkasi kwa sababu hazikufunguka: zilizungushwa mara mbili nyuma ya kifundo cha mguu na kukazwa huko nyuma, kwa fundo gumu ambalo Inspekta hakuwahi kuliona kwenye kiatu cha mtu yeyote. Alijaribu kulifunga kwenye kiatu chake, mikono nyuma ya kifundo. Alijipinda mpaka mgongo ukalia. Akashindwa.

Alivaa viatu tena, akauma meno, akashuka moja kwa moja kwenda ufukweni.

Nahodha wa boti za hifadhi alikuwa mtu mzima mwenye kofia iliyofifia kwa jua, mume wa dada yake Meneja. Siku ya kwanza alikuwa ameandika maelezo mafupi: siku ile upepo ulikuwa mkali, bendera nyekundu ilipanda tangu asubuhi, hakuna boti iliyotoka. Aliyasema kama mwanafunzi anayesoma ubaoni, na hakuna aliyemuuliza swali la pili. Sasa alikuwa akijaza upepo boti mojawapo kwa pampu ya mguu. Aliposikia kwamba mama huyu anataka kuzungushwa kidogo ziwani, alionekana kupata nafuu. Huenda alidhani upelelezi umekwisha na utalii umeanza.

"Karibu, mama. Viatu vua hapo, nyayo zake zinatoboa mpira. Soksi tia mfukoni, zisilowe."

Maneno yalimtoka bila kufikiri, kama yalivyomtoka kwa kila mgeni. Inspekta alivua viatu akampa. Nahodha hakumtazama miguu. Alivichukua viatu, akaunganisha kamba zake, akazizungusha mara mbili kwenye kamba nene iliyozunguka ukingo wa boti, akavuta ncha na kukaza kwa nyuma. Viatu vikaning'inia imara. Ilikuwa kazi ya sekunde, mikono ikijiendea.

"Hilo fundo linaitwaje?" Inspekta aliuliza.

"Halina jina, mama. Ndivyo tunavyofunga. Boti ikipinduka, viatu vya mgeni havizami."

Inspekta akaweka kile kifuko cha plastiki juu ya mbao za gati, kati yao. Fundo ndani ya kifuko, fundo kwenye boti. Halafu akainua mguu mmoja na kuulaza kando ya kifuko.

"Nimepanda Kipara bila soksi," alisema. "Hivi ndivyo unavyorudi. Miguu ya mwalimu ilikuwa laini kama ya mtoto."

Nahodha aliitazama damu, akatazama kamba, akaitazama mikono yake. Akakaa chini kwenye mbao. Inspekta hakumkalia kooni. Alikuwa amejifunza kwamba kuna kimya ambacho ukikiacha kikae, kinafanya kazi ya askari wawili. Mawimbi madogo yalikuwa yakipiga chini ya gati.

"Kuna mtu yuko ndani kwa ajili ya fundo hili," Inspekta alisema hatimaye.

"Redio?" Nahodha aliinua uso. "Si alitoka? Shemeji aliniambia walimhoji tu, akatoka siku ile ile, akaenda kwao kupumzika."

"Hajatoka hata kidogo. Kesho anapanda mahakamani."

Alikuwa mtu wa maji, na watu wa maji hawalii ovyo. Huyu alivua kofia akajifunika nayo uso, na maneno yakatoka kupitia kitambaa. Alisimulia yote. Mwalimu alishuka kutoka msituni, akaomba kuzungushwa. Nahodha alimwonyesha bendera nyekundu, akakataa. Meneja alikuwepo na wageni wakubwa waliokuja kuona kama ziwa linafaa kwa michezo ya maji, na hakutaka waone bendera ile. Akaishusha kwa mkono wake mwenyewe. Akamwambia shemeji yake ampeleke huyu bwana mbele kidogo, watu waone maji yametulia. Jaketi za kuelea zilikuwa zimefungiwa stoo. Nahodha alipotaka kwenda kuchukua ufunguo, Meneja alisema ni dakika chache tu, asimtie aibu mbele ya wageni. Wakaenda. Upepo ukawakuta nyuma ya rasi, mahali ambapo wageni hawakuona, boti ikapinduka, mwalimu akajigonga na injini. Nahodha alipompata, alikuwa amekwisha.

"Nilitaka kumleta hapa gatini, mama. Nilimpigia shemeji kwa simu yangu, huwa naifunga kwenye nailoni. Akaja na boti nyingine, akasema ajali moja tu ya boti na hifadhi inafungwa, sisi wote kwishnei, na dada yake atalala njaa na watoto wangu. Akasema mvishe viatu, tumpeleke chini ya Kipara. Viatu vilikuwa hapo kwenye kamba. Nikamvisha. Nikafunga." Akaishusha kofia. "Soksi sikuzikumbuka. Sisi hatuzioni soksi. Zinaingia mfukoni kabla mtu hajanifikia."

Inspekta akamuuliza kama atayarudia maneno hayo mbele ya hakimu, shemeji yake akimtazama. Nahodha alijifuta uso. Akavaa kofia.

"Nilikula na Redio chungu kimoja miaka yote hii," alisema. "Nitayasema."

Ofisi ya Meneja ilikuwa na picha kubwa ya ziwa ukutani, jambo la kushangaza kidogo, kwa sababu ziwa lenyewe lilikuwa dirishani. Inspekta aliingia bila viatu na kuacha alama za damu kwenye vigae vyeupe. Akavuta kiti, akaketi, akauweka mguu wake juu ya kiti cha pili bila kuomba ruhusa. Alimweleza yote taratibu: nyigu, malengelenge, soksi, fundo. La shemeji alilibakiza.

Meneja hakuwa mjinga. "Labda alizivua kule juu apunge upepo," alisema.

"Labda. Na kamba je? Alizifungaje kwa nyuma?"

"Mtu anafunga viatu vyake anavyotaka, afande. Hakuna sheria ya kufunga viatu."

"Kweli. Basi hebu funga vyako. Mara mbili, nyuma ya kifundo, ukaze huko huko nyuma. Ukiweza, naondoka, na naacha sahihi yangu mezani kwako."

Meneja aliitazama kamba iliyokuwa kwenye kifuko. Alikuwa na viatu vya kamba, vyeusi, vinavyong'aa. Hakuinama. Badala yake akachukua simu, akazungumza kwa sauti ya chini na mtu aliyemwita kaka, kisha akamkabidhi Inspekta ile simu, akitabasamu kwa mara ya kwanza tangu Inspekta aingie.

Upande wa pili alikuwa mkuu wa kituo. Alikuwa mtamu. Alimwita dada yangu, akamsifu kwa kupanda mlima, akasema yeye daima alijua ana moyo huo. Sasa wasikilizane kama watu wazima. Redio atatolewa leo leo, kwa mlango wa nyuma, kimya kimya, hakuna kesi. Na hili la boti, hifadhi itajirekebisha yenyewe ndani kwa ndani, mwalimu hatafufuka, na likizo ndiyo hii. Kila mtu atakuwa amepata.

"Dada yake mwalimu atakuwa amepata nini, mkuu?"

"Inspekta, hiyo ni amri."

"Basi iandike, mkuu, uitie sahihi, nikirudi niikute mezani."

Simu ikakatika. Inspekta aliirudisha mezani, akashusha mguu, akasimama. Miguu ilimwuma mpaka machozi yakamlenga, lakini hakutaka Meneja aone, akageukia dirisha kidogo mpaka yapite. Nje, gatini, Nahodha alikuwa akipandisha bendera nyekundu ingawa upepo haukuwepo, na wageni waliokuwa wamepanga foleni walikuwa wakirudi kwenye miti.

"Shemeji yako amefunga boti," alisema. "Simama, bwana Meneja. Tunakwenda mjini, na hatuendi kwa njia ya maji."

Kituoni walifika jua likiwa bado linawaka. Meneja aliingizwa chumba cha mahojiano. Askari wa zamu alimvuta Inspekta pembeni, amekunja uso. Mkuu alikwisha kuamuru Redio atolewe nyuma, mlango ukafunguliwa, lakini Redio amekataa kutoka. Ameketi sakafuni. Wamembembeleza, wamemtisha, ameketi tu.

Inspekta alikwenda mahabusu akichechemea kwa kandambili alizoazima. Redio alikuwa ameegemea ukuta, ndevu zimemjaa, fulana ya hifadhi imechakaa mwilini. Mlango ulikuwa wazi kabisa.

"Nililetwa hapa mchana, afande," alisema kabla hajaulizwa. "Kwa mlango wa mbele, nimefungwa pingu, mke wangu na wanangu wakiangalia, watu wa kaunta wakininyooshea vidole. Sitoki kama paka. Wakitaka nitoke nyuma, wanibebe."

Inspekta aliketi sakafuni karibu naye, maana kusimama kulikuwa kumemshinda. Akamweleza mwalimu alifia wapi na jinsi gani. Redio alisikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Kisha akalia wazi wazi, mikono magotini, kwa ajili ya mtu aliyetembea naye asubuhi moja tu.

"Ningekwenda naye gatini, wasingempandisha," alisema. "Mimi ningeuliza jaketi iko wapi. Mimi huuliza kila kitu."

"Hilo utalibeba. Uliniambia utalibeba. La Kipara umeliweka chini leo."

Akainuka kwa kushika ukuta, akamnyooshea mkono, wakatoka pamoja kuelekea mbele.

Ukumbi wa mapokezi ulikuwa umejaa kama siku zote: watu wa kuibiwa, watu wa kugombana, mke wa Redio na kikapu chake cha chakula kilichozuiwa, na dada yake mwalimu, ambaye Inspekta mwenyewe alimwita. Na mlangoni, katikati kabisa, sare imepigwa pasi, mkono mmoja juu ya fremu, alisimama mkuu wa kituo.

"Mlango wa nyuma uko wazi, Inspekta," alisema kwa sauti ya chini.

Inspekta hakushusha yake. Aligeuka akaukabili ukumbi mzima, na maneno aliyoyasema hayakuwahi kusemwa na polisi katika ukumbi ule.

"Jamani, huyu hakumuua mwalimu. Hakumwacha Kipara. Tulimfunga kimakosa, sisi, na aliyetudanganya yuko ndani."

Mke wa Redio alikiacha kikapu kikaanguka. Dada yake mwalimu aliinuka kwenye benchi, akavuka ukumbi, akasimama mbele ya Redio na kumtazama kwa muda, kisha akamshika mkono, akageuka naye kuelekea mlangoni. Wakawa watatu mbele ya mkuu: dada mwenye msiba, mtu mwenye ndevu za siku nyingi, na Inspekta anayechechemea. Nyuma yao watu walianza kusimama mmoja mmoja, hata wale waliokuja kushtakiana.

"Tunapita, mkuu," Inspekta alisema.

Mkuu aliwatazama watu, akamtazama yeye. Akautoa mkono kwenye fremu.